Koili ya Tesla haihesabiwi kwa mizunguko

Kila maonyesho ya sayansi yakikaribia, wanafunzi huniletea hesabu ileile ya koili ya Tesla, kifaa cha koili mbili za waya kinachopandisha volti hadi cheche ndefu zitoke juu yake. Koili ya kwanza ina mizunguko 10, ya pili 1,000, transfoma inatoa volti 15,000. Basi juu tutapata volti milioni moja na nusu. Siyo. Na inanikera kwa sababu video nyingi zinaifundisha kama kanuni.

Uwiano wa mizunguko ni wa transfoma yenye kiini cha chuma, ambako karibu nguvu yote ya sumaku ya koili moja inapita kwenye nyingine. Koili ya Tesla haina kiini. Katikati ni hewa tu, na muunganiko wa koili zake umeachwa hafifu kwa makusudi, mara nyingi 0.1 hadi 0.2 (1 ni muunganiko kamili). Volti inapanda kwa sababu nishati inahama kutoka kapasita (kihifadhi chaji) kubwa kwenda ndogo sana.

Fuateni joule, yaani nishati, jamani. Kapasita ya nanofaradi 10 ikichajiwa hadi volti 15,000 inabeba joule 1.1 hivi. Cheche ikiruka kwenye pengo la hewa lililoachwa kwenye saketi ya koili ya kwanza, nishati hiyo inaenda na kurudi kati ya kapasita na koili ya kwanza, huku ikihamia koili ya pili. Kule inakuta pikofaradi kama 20 tu (pikofaradi ni sehemu ya elfu ya nanofaradi), za koili yenyewe pamoja na tufe la alumini juu yake. Joule 1.1 ndani ya pikofaradi 20 ni takriban volti 335,000, na hapo bado hatujatoa kinachopotea njiani. Milioni moja na nusu ingetaka joule zaidi ya 22. Zitoke wapi? Kapasita zinapishana mara 500. Kipeuo chake cha pili ni 22.4, na hicho ndicho cha kuzidishia volti, si 100.

Haya yote yanafanyika pale tu pande mbili zinapokuwa na masafa mamoja, yaani idadi sawa ya mitetemo kwa sekunde, ambayo hutokana na koili (henri) na kapasita (faradi). Mikrohenri 40 kwa nanofaradi 10 zinatoa kilohezi 250 hivi. Milihenri 20 kwa pikofaradi 20 vilevile. Kwa hiyo kabla hujanunua transfoma kubwa zaidi, sogeza kibanio kinachochagua mizunguko inayotumika ya koili ya kwanza, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko. Anza chini kidogo ya masafa uliyokokotoa, maana cheche ndefu zikitoka juu zinaongeza kapasitansi na kuyashusha.

Redio za kwanza nazo zilitumia cheche, na wapo wanaoamini kwamba cheche yenyewe ndiyo iliyochagua masafa yake. Cheche ni swichi. Katika kifaa cha 1887 cha Hertz, mwanafizikia Mjerumani aliyethibitisha kuwa mawimbi ya redio yapo, masafa yalitokana na urefu wa nyaya na ukubwa wa vyuma vya mwishoni. Marconi, Mtaliano aliyeanzisha mawasiliano ya redio, mwanzoni aliweka pengo la cheche moja kwa moja kwenye antena, na mawimbi yalififia upesi na kutapakaa masafa mengi. Braun, mwanafizikia Mjerumani, akalihamishia pengo kwenye saketi ya pembeni yenye kapasita, ikaunganishwa na antena kwa koili. Wawili hao waligawana Nobel ya 1909.

Eti Mahakama Kuu ya Marekani ilimtangaza Tesla mvumbuzi wa redio mwaka 1943? Haikufanya hivyo. Ilitengua sehemu ya hataza (haki ya uvumbuzi) ya Marconi kuhusu kulinganisha masafa, ikitaja kazi za wavumbuzi Lodge, Tesla na Stone zilizotangulia.

La mwisho ni la hatari: “masafa ya juu hupita juu ya ngozi, hayaui.” Kwa kilohezi 250, kina ambacho mkondo unaweza kupenya kwenye nyama ni zaidi ya mita moja, yaani unapita mwilini mwako kote. Husikii mshtuko kwa sababu neva haziitikii kasi hiyo, lakini nyama inaungua ndani. Na upande wa transfoma ni hezi 50 za kawaida, volti 15,000, pamoja na kapasita inayobaki na chaji baada ya umeme kuzimwa. Weka rezista ya kuimaliza chaji sambamba na kila kapasita, chomoa plagi, kisha gusisha ncha za kapasita kwa fimbo yenye mpini wa plastiki na waya wa ardhi kabla ya kupeleka mkono.