Je, wajua kwa nini mpigapicha wa milimani huuza picha moja mara nyingi?

Mwandishi na mpigapicha wa kujitegemea anayefuata milima, mito na majangwa hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Anaweza kukaa wiki tatu juu ya theluji na kurudi na makala moja tu. Sasa hiyo makala moja inamlishaje?

Siri iko kwenye hakimiliki. Chini ya Mkataba wa Berne, ulioanza mwaka 1886 na sasa unafuatwa na nchi nyingi duniani, kazi huwa mali ya aliyeitunga bila kulazimika kuisajili popote. Kwa hiyo anachouza si picha yenyewe bali ruhusa ya kuitumia. Jarida hulipia kuichapisha kwanza. Muda waliokubaliana ukipita, picha ileile huingia kwenye kalenda, kitabu, au tangazo la mahema. Ndiyo maana maneno "haki zote" kwenye mkataba yanatakiwa kumshtua. Akitia saini hapo, wiki zake tatu zimekwenda kwa malipo ya mara moja, na naona ni hasara kubwa kuliko kamera kuanguka korongoni.

Galen Rowell, Mmarekani aliyepanda miamba tangu utotoni, alikuwa na gereji California. Mwaka 1972 aliiuza ili aishi kwa kamera na kalamu, na mwaka 1974 makala yake kuhusu kupanda Half Dome, mwamba mkubwa wa California, ikatoka katika jarida la National Geographic. Kilichombeba ni kwamba alikuwa kwenye kamba pamoja na wapandaji wenzake, na habari aliijua kutoka ndani.

Kalamu nayo ina kazi yake. Picha ya mtu aning'iniaye kwenye barafu haisemi ni nani, ni upande gani wa mlima, wala upepo ulivuma vipi, na mhariri atayauliza yote hayo. Kwa hiyo usiku, ndani ya hema, kazi inaendelea. Anaandika kwa penseli, maana wino huganda. Betri anazilaza naye ndani ya mfuko wa kulalia, kwa kuwa baridi hupunguza kasi ya kemikali zinazotoa umeme, na betri iliyoonekana kufa jioni ikipata joto la mwili huweza kuamka alfajiri na kumpa picha kadhaa zaidi.