Parokia haijengwi

"Parokia hii ilijengwa karne ya 12." Sentensi ya namna hii imezagaa kwenye maelezo ya picha za makanisa ya kale ya mawe yaliyoko vijijini Uingereza. Parokia haijengwi. Parokia ni eneo: ardhi yenye mipaka, watu wanaokaa ndani yake, na padri aliyekabidhiwa roho zao. Kinachojengwa ni kanisa la parokia. Kwa upande wa maana, hayo yanatosha.

Asili ya neno ndiyo yenye utamu. Kigiriki cha kale kilikuwa na paroikia: para ni kando, oikos ni nyumba. Paroikos alikuwa mgeni mkaazi, mtu anayeishi mjini bila kuwa raia wa mji huo. Wakristo wa mwanzo walilipenda neno hili kwa kuwa walijiona wapita njia duniani. Ndilo lililomo katika Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 1, mstari wa 17, pale panapotajwa kukaa hapa kama wageni. Kilatini kikalichukua kwa umbo la parochia, na kwa karne kadhaa likamaanisha eneo la askofu, yaani kile tunachokiita leo jimbo au dayosisi. Baadaye likashushwa cheo, likawa eneo la padri. Waingereza wa kabla ya Wanormani kuvamia kutoka Ufaransa mwaka 1066 walisema preostscir, wilaya ya padri, au scriftscir, wilaya ya kitubio. Neno wanalotumia leo liliwafikia kupitia Kifaransa, paroisse. Na kanisa je? Sisi tulilipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake wa Kiaramu unahusu kukusanyika. Maneno yote mawili yanazungumzia watu. Hakuna hata moja lenye jiwe ndani yake.

Basi kanisa la kijijini liliitwaje la parokia? Kwa haki zake: kubatiza, kuzika na kupokea zaka. Hapo kwanza maeneo mapana yalihudumiwa na kanisa mama moja, minsta, lenye kundi la mapadri. Kati ya karne ya 10 na ya 12 mabwana wa ardhi walijijengea makanisa kwenye mashamba yao, na ndiyo maana mipaka ya parokia nyingi inafuata mipaka ya shamba la bwana fulani. Sheria ya Edgar, mfalme wa Uingereza wa karne ya 10, inaonyesha uzito wa kaburi katika jambo hili: bwana mwenye kanisa lenye makaburi aliruhusiwa kulipa kanisa hilo theluthi ya zaka yake; kama halina makaburi, zaka yote ilikwenda kwa minsta ya zamani, na bwana alimlipa padri wake kutokana na kilichobaki baada ya zaka. Kufikia mwaka 1291, Papa Nicholas IV alipoagiza mapato ya kanisa yakadiriwe kwa ajili ya kodi, parokia zilizoorodheshwa Uingereza na Wales zilikuwa zaidi ya 8,000.

Kosa linaloudhi zaidi ni kudhani kwamba kanisa kubwa ndilo la parokia na dogo ni kigango, yaani kanisa lililo chini ya lile la parokia. (Kigango cha Wakatoliki, si vile vya Wagiriama vya kuwakumbuka marehemu. Walutheri wataelewa haraka kwa usharika na mtaa.) Ukubwa hausemi lolote. Kanisa la Mtakatifu Nicholas mjini King's Lynn ni kubwa kuliko makanisa mengi ya parokia, lakini katika Zama za Kati lilikuwa kigango cha Mtakatifu Margaret, na lilipoomba haki ya kubatiza likanyimwa. Kwa upande mwingine, Culbone, Somerset, ina kanisa la parokia lenye urefu wa takriban mita 11 tu, katikati ya msitu, lisilofikika kwa gari.

Waumini wa kigango waliihisi tofauti hii mabegani. Watu wa Mardale, huko Westmorland, walilazimika kupeleka maiti zao Shap, kwenye kanisa la parokia, kwa njia ya milimani, na ilikuwa hivyo hadi karne ya 18. Njia hiyo bado ipo. Kijiji chenyewe kilizamishwa chini ya bwawa la Haweswater katika miaka ya 1930.

Ukifika mahali, anza kwa kutazama paa kutoka nje. Sehemu ya altare, upande wa mashariki, mara nyingi ni fupi na ya chini kuliko ukumbi wa waumini, na huenda imeezekwa kwa kitu tofauti. Sababu ni bili. Kuanzia karne ya 13 desturi ilikuwa kwamba waumini hutengeneza ukumbi, na mpokea zaka kubwa (nafaka, nyasi kavu) hutengeneza upande wa altare. Mara nyingi mpokeaji huyo alikuwa monasteri, ambayo ilimweka kaimu, vicarius, aliyeishi kwa zaka ndogo za kondoo, kuku na matunda. Mfalme Henry VIII alipozifunga monasteri kati ya 1536 na 1540, mali ziliuzwa pamoja na deni la paa. Deni hilo halikufa: mwaka 2003 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba wenye shamba moja huko Aston Cantlow, Warwickshire, walipaswa kugharimia upande wa altare wa kanisa la parokia yao.

Kisha tazama kisima cha ubatizo, chombo kile cha jiwe karibu na mlango. Mwaka 1236 Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza visima vifunikwe na kufungwa kwa kufuli ili maji yasiibwe na kutumiwa kwa uchawi, kwa hiyo kwenye mdomo tafuta matundu au madoa ya kutu ya vyuma vilivyoshika kifuniko. Lakini usihukumu kwa kisima pekee. Vilihamishwa sana, na karne ya 19 vigango vingi vilipandishwa kuwa parokia, hivyo kibao cha mlangoni kinaeleza hali ya leo, si ya mwaka 1300. Tena ukikuta baraza la parokia linalozozana juu ya taa za barabarani, hilo si la padri: tangu sheria ya mwaka 1894 lipo baraza la kiserikali lenye jina hilohilo, na mipaka yake si lazima ilingane na ya kanisa.

Sentensi ile ya mwanzo, basi, inahitaji kurekebishwa kidogo tu: "Kanisa la parokia hii lilijengwa karne ya 12." Na kama aliyeiandika hana hakika kwamba wakati huo lilikuwa la parokia, aandike "kanisa hili" na aishie hapo.