Majina matatu kabla mzigo haujatoka

Kila oda ya mtandaoni ina majina matatu: la aliyeagiza, la aliyelipa na la aliyepokea. Yakiwa ya mtu mmoja, mkigombana mtagombania rangi na saizi tu. Yakitofautiana bila maelezo yanayoeleweka, simamisha mzigo. Utapeli mwingi unaowapata wauzaji wa hapa Dodoma, wanaouza kwa Instagram, stetasi na magrupu ya WhatsApp, ukiuchambua unakuta jina moja kati ya hayo lilikuwa la mtu mwingine. Muuzaji hakulitazama kwa sababu boda alishafika mlangoni na pikipiki haijazimwa.

Tuanze na meseji ya malipo, maana ndiyo inayoliza wengi. Meseji siyo pesa. Meseji feki ya kizamani hutoka kwenye namba ya kawaida, ya sifuri saba au sifuri sita, na hiyo hata mtoto ataishtukia. Ya pili ni mbaya zaidi: inakuja na jina la mtandao juu yake na inaingia kwenye mfululizo uleule wa meseji zako halali. Simu hupanga meseji kwa kufuata jina la mtumaji, haina namna ya kujua nani kalitumia jina hilo. Kwa hiyo kusema "lakini ilikuja mlemle" hakuthibitishi chochote.

Dalili unaweza kuitafuta kwenye salio. Kama ulikuwa na 41,200 na umelipwa 385,000, salio jipya lazima lisome 426,200, ukiondoa makato kama yapo. Tapeli hajui salio lako, hivyo ataandika namba ya kubuni au hataandika kabisa. Ila hesabu hiyo iwe ya kukushtua tu. Uthibitisho unapatikana sehemu moja, nayo ni kufungua menyu mwenyewe: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas ambayo zamani ilikuwa Tigo Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Angalia salio au taarifa fupi ya miamala. Ni nusu dakika. Mtandao ukisumbua, mzigo unasubiri, na boda naye anasubiri. Asiyetaka kusubiri hakuwa mteja.

Skrinshoti usiihesabu kabisa, hata ikiwa na muhuri wa benki. Kuna programu za kuitengeneza, na hata bila programu, mtu anaweza kuhariri picha ya muamala wa mwezi uliopita. Slipu ya benki nayo ina mtego wake: iliyolipwa kwa hundi inaonyesha kiasi kamili wakati hundi haijaiva. Waulize benki salio unaloweza kutoa leo, siyo lililoandikwa kwenye kitabu.

Pengo kubwa zaidi lipo kati ya mwenye duka na msaidizi wake. Simu inayopokea pesa iko kwa bosi Kisasa, bidhaa ziko kibandani Majengo, na msaidizi anaonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja. Hapo tapeli hahitaji ufundi wowote. Weka lipa namba ya biashara, na namba inayopokea taarifa za malipo iwe kwenye simu inayobaki dukani. Kama haiwezekani, kubalianeni kwamba msaidizi hatoi kitu mpaka bosi aandike kwenye WhatsApp kiasi, jina la mlipaji na neno "imeingia". Akipiga simu mtu anayejiita bosi kwa namba ngeni, hiyo haihesabiki.

Sasa tuje kwenye utapeli ambao pesa inaingia kweli. Huu wengi hawaujui, na ndio unaowafikisha polisi watu wasio na hatia.

Tapeli anatangaza simu ya bei nzuri kwenye grupu fulani. Mtu wa Singida anaipenda. Tapeli anakuja kwako, anaagiza simu ya bei ileile, anaomba lipa namba yako, kisha anampa yule wa Singida aitumie kulipa. Pesa inaingia, ya halali, salio limepanda. Tapeli anatuma boda kuchukua simu. Jioni yule wa Singida hajaona kitu, anaripoti, na jina linaloonekana kwenye muamala ni lako. Akaunti inazuiwa, unaitwa kituoni, simu imeshakwenda. Wewe na yule mwenzako wote mmeibiwa, lakini kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mwizi.

Dawa yake ni ya dakika moja. Kabla ya kutoa namba ya kulipia, uliza: "Utalipa kwa namba gani, imesajiliwa kwa jina gani?" Pesa ikiingia kwa jina jingine, mpigie simu aliyelipa, siyo aliyeagiza, umuulize ananunua nini na anapokelea wapi. Kama ni mume amemlipia mke, atakujibu bila kufikiri. Kama anakuambia anasubiri mzigo wake Singida wakati wewe umeambiwa upeleke Nkuhungu, umeshapata jibu. Mrudishie pesa kwenye namba ileile ilikotoka. Usikubali kamwe kuirudisha kwingine, hata ukilipwa zaidi na kuombwa chenji "tuma kwenye namba hii". Sentensi hiyo Mtanzania yeyote anaijua kwa kero zake, ila ikija ndani ya oda yenye pesa halisi watu huisahau.

Kuna njia nyingine ya kumjua mtu: anza kama unamtumia shilingi elfu moja kwa menyu, jina lililosajiliwa litatokea kabla hujathibitisha kutuma, kisha ghairi. Ukiambiwa ni Asha na menyu inasema Juma, uliza.

Kurudisha muamala ni suala tofauti. Mnunuzi analipa, anapokea mzigo, kisha anaupigia mtandao akidai alikosea namba. Wanachoangalia kwanza ni kama pesa bado ipo kwenye akaunti ya mpokeaji. Ikiwepo, inaweza kushikiliwa wakati suala linachunguzwa. Wauzaji wengi hukimbilia kuitoa haraka, na hapo wanajiharibia, kwa sababu aliyetoa pesa muda mfupi baada ya kulalamikiwa anafanana sana na mwizi. Bora uwe na mazungumzo ya oda, jina, bidhaa, kiasi, tarehe, na uthibitisho wa kupokea. Malipo ya lipa namba nayo yana faida: yanasomeka kuwa ni ya biashara, kwa hiyo ni vigumu zaidi kudai ulikuwa unamtumia shangazi yako.

Uthibitisho wa kupokea usiuache kichwani mwa boda. Apige picha ya mzigo mkononi mwa mpokeaji au mlangoni kwake, na mpokeaji aandike mwenyewe kwenye WhatsApp "nimepokea" akitaja bidhaa. Pesa ya mlangoni iende lipa namba, isipite kwa boda. Na boda awe wako. Mnunuzi anayetuma boda wake anakuwa amekunyima jina la tatu, hujui mzigo umeishia Ipagala au Chamwino.

Mizigo ya mabasi kutoka stendi ya Nane Nane ina ujanja wake. Mteja wa Manyoni au Kondoa anaomba umtumie picha ya risiti ya mzigo "nijiridhishe umeshatuma, ndipo nilipe". Unaituma. Anakwenda ofisi ya basi kule, anaonyesha picha, anabeba. Kwa hiyo ukipiga picha, ziba namba ya risiti kwa kidole mpaka ulipwe, na waambie ofisi ya mizigo waandike kwamba mpokeaji aonyeshe kitambulisho na wakupigie kabla ya kukabidhi. Binafsi nashauri kulipwa kwanza kwa kila kinachotoka nje ya mji. Kulipwa mzigo ukishafika kubaki kwa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Area C, Ilazo na kwingine unakoweza kurudi mwenyewe. Boom, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, likitoka pale chuoni oda huwa nyingi sana kwa siku mbili tatu, na ni siku hizohizo ambazo watu huacha kukagua.

Wanaouza elektroniki warekodi video ya kufunga mzigo, moja, isiyokatwa: piga *#06# kwenye simu ionyeshe IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, iwake, iingie boksi, utepe, saini yako ipite juu ya utepe, kisha mizani. Mzigo ukirudi na simu nyingine ndani, au na kipande cha tofali, una la kuonyesha. Video iliyokatwa katikati haikusaidii, maana hoja ya kwanza ya mbishi ni kwamba ulibadilisha pale ilipokatwa.

Dodoma tuna ugonjwa wetu wa peke yake, nao ni oda za "wizarani". Mtu anapiga kwa sauti ya kiofisi, anahitaji viti mia mbili, au katoni za maji, au mvinyo wa zawadi kwa ajili ya mkutano Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Anatuma LPO, yaani hati ya oda ya manunuzi, yenye nembo. Habishani bei. Mnunuzi asiyeomba hata elfu mbili ipungue, mtazame mara ya pili. Kisha inakuja moja kati ya mbili: ulete mzigo leo na malipo "yako kwenye mchakato", au ulipe kwanza ada ya kusajiliwa kuwa mzabuni, kwenye namba ya mtu binafsi. Manunuzi ya umma siku hizi hupita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na ada halali ya serikali hulipwa kwa kontroo namba inayotoa jina la taasisi unapolipa. Namba ya simu ya mtu siyo kontroo namba. LPO peleka masijala ya wizara husika kwa mguu wako, waulize kama wanaitambua. Mtumba siyo mbali kiasi cha kupoteza viti mia mbili.

Wanaopokea kadi kutoka nje, kama nyumba za wageni na wauza asali, wana kesi nyingine. Mwenye kadi ya Visa kwa kawaida ana hadi siku 120 za kupinga malipo kupitia benki yake. Visa huzipa sababu za kupinga namba: 10.4 ni kudai kadi ilitumiwa na mwizi, na 13.1 ni kudai hakupokea bidhaa. Ukitumia 3-D Secure, ile inayomtumia mteja neno la siri la mara moja, hasara ya 10.4 kwa kawaida huhamia benki iliyotoa kadi. Kwa 13.1 haikusaidii, hapo wanataka uthibitisho wa kufikisha. Jibu ndani ya muda uliopewa, maana ukichelewa unashindwa hata kama haki ni yako.

Siyo kila mgomvi ni tapeli. Gauni lililopigwa picha kwenye taa ya duara linabadilika rangi likifika juani, na lile bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" halikuokoi kisheria ikiwa ulichotuma hakifanani na ulichokieleza. Andika vipimo kwa sentimita, siyo "free size". Toa siku tatu za kubadilisha, lebo ikiwepo, na sema mapema nauli ya kurudisha ni ya nani. Mabishano mengi ni ya nauli.

Ukiibiwa, piga 100 ya mtandao wako ukiwa na namba ya kumbukumbu ya muamala, kisha nenda polisi ukachukue RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Eleza kwamba ni kujipatia mali kwa udanganyifu, siyo kwamba "hajanilipa". Ukisema hajakulipa utaambiwa ni la madai uende Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30. Mazungumzo ya WhatsApp yanakubalika kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kwa hiyo usifute, usihariri, na usibadilishe simu kabla ya kuyahifadhi. Namba ya tapeli itume kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa 15040. Ukiwa hapohapo piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, isije ikawa kuna tapeli anayefanya kazi kwa jina lako.

Picha na kitambulisho cha tapeli usivirushe kwenye grupu, hata kama una hasira. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kitambulisho alichokutumia mara nyingi ni cha mtu mwingine aliyeibiwa kabla yako.