Haijafa, Inafanya Kazi

Siku moja nilikaa kaunta kwenye duka la vipuri vya pikipiki Kariakoo, nikimwangalia mama mwenye duka akiingiza orodha ya bidhaa kwenye programu niliyomtengenezea. Kisanduku cha maendeleo kikatokea, mstari ukasimama kwenye sifuri, dirisha likapauka, na Windows ikaandika juu yake kwamba programu haijibu. Mama akabonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta, akakishikilia mpaka ikazima. Tulipowasha tena, nusu ya bidhaa zilikuwa zimeingia na nusu hazimo.

"Si ilikuwa imekufa?" akaniuliza. Haikuwa imekufa. Kosa lilikuwa langu, na nimeliona kwa vijana wengi wanaoanza kuandika programu hapa Dar.

Wengi hudhani dirisha likiganda, tatizo ni mashine, basi iongezwe RAM. Sivyo. Programu ya madirisha huwa na thredi (mfululizo wa amri zinazotekelezwa moja baada ya nyingine) moja kuu inayochora vitufe na kupokea mibofyo. Ukiipa thredi hiyohiyo kazi ya kusoma maelfu ya bidhaa, haipati nafasi ya kuchora chochote. Msimbo wako umeshasema mstari ufike asilimia 30, lakini mchoraji yuko stoo anabeba mizigo. Windows nayo, dirisha lisipochukua ujumbe wake kwa sekunde 5, hulihesabu kuwa limekwama. Mashine ya bei mbaya itaganda vilevile.

Dawa ni kuipeleka kazi nzito kwenye thredi nyingine, nayo ibaki kutuma taarifa tu. Isiuguse mstari yenyewe: Swing ya lugha ya Java na Qt, ambazo ni maktaba za kutengenezea madirisha, zote zinataka vitu vya kwenye kioo viguswe na thredi kuu peke yake. Java ina chombo kiitwacho SwingWorker kwa kazi hii tangu toleo la 6, la mwaka 2006. Kuna wanaokwepa kwa kuita processEvents, amri ya Qt inayoiachia thredi kuu ichore na kupokea mibofyo kidogo, ndani ya lupu (mzunguko unaorudia kazi). Dirisha linapumua, ni kweli, lakini usipofunga vitufe mtu anaweza kubofya "Ingiza" mara ya pili kabla ya ile ya kwanza kuisha, na bidhaa zikajiandika mara mbili.

Dhana nyingine: asilimia 50 ni nusu ya muda. Muulize abiria wa daladala ya Mbagala kama nusu ya umbali ni nusu ya muda wa safari. Kunakili picha ndogo elfu moja huchukua muda mrefu kuliko video moja yenye ukubwa uleule, kwa sababu kila faili lina shughuli yake ya kufunguliwa, kuandikishwa na kufungwa. Ukihesabu mafaili, mstari utakimbia kisha ukwame kwenye video. Ukihesabu baiti, utajikokota kwenye picha. Na hata ukijaa, kazi inaweza kuwa haijaisha: Linux huweka data kwenye kumbukumbu kwanza, ndipo iishushe kwenye flashi. Mteja wa duka la steshenari anayechomoa flashi mara tu mstari unapojaa anaweza kufika nyumbani na faili bovu. Pale usipojua jumla ya kazi, weka mstari wa kwenda na kurudi, bila asilimia. Usibuni namba.

Kitufe cha "Ghairi" nacho hudhaniwa kuwa kinaua kazi papo hapo. Kikifanya hivyo ni hatari. Ndiyo maana Java iliwakataza watu kutumia Thread.stop, amri ya kuisimamisha thredi kwa nguvu, tangu toleo la 1.2. Kitufe kinapaswa kuacha alama tu, na thredi ya kazi iiangalie kila baada ya bidhaa kadhaa, isimame mahali salama na kurudisha hifadhidata ilivyokuwa.

Wala si kila kazi inahitaji kisanduku. Kile cha Qt, usipobadilisha mipangilio yake, husubiri kwanza kuona kama kazi itazidi sekunde 4. Kinachowaka na kuzima kabla hujasoma kinatia watu wasiwasi bure.

Kuna wanaosema haya yote ni mapambo. Mtafiti wa kompyuta Brad Myers aliwajaribu watumiaji huko nyuma, 1985, na akakuta wanapendelea kuwa na kipimo cha maendeleo kuliko kukikosa.

Nilirudi Kariakoo na toleo jipya. Kisanduku sasa kinaandika "Bidhaa 1,240 kati ya 3,100" na jina la kifaa kinachoingia. Mama aliitazama namba ikipanda, akageuka kumhudumia mteja wa plagi, na kompyuta hakuigusa.