Honus Wagner: kadi wanaijua, mtu mwenyewe hawamjui

Ukimtaja Honus Wagner, mchezaji wa zamani wa besiboli Marekani, kwa mtu anayeufuatilia mchezo huo kidogo, jibu ni moja tu, "aah, yule wa kadi ya mamilioni". Ni kweli, ile kadi yenye picha yake, toleo linaloitwa T206, iliyokuwa inawekwa kwenye pakiti za sigara kuanzia 1909, moja iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Ila si kwamba ndo inaongoza kwa bei, mwezi huohuo wa nane kadi ya 1952 ya mchezaji mwingine, Mickey Mantle, ikaenda milioni 12.6.

Halafu kuna hii ya kwamba aliikataa kadi sababu alichukia tumbaku. Wapi! Jamaa alikuwa anatafuna tumbaku, anavuta zile sigara nene, na jina lake lilishatumika kuziuza. Inayosimuliwa sana ni kwamba hakutaka watoto wanunue sigara ili wapate picha yake, na wapo wanaosema alitaka alipwe kwanza. Maana pesa alikuwa anaijua bwana, mwaka 1908 alitangaza anastaafu na mshahara ukapanda toka dola 5,000 hadi 10,000, akarudi uwanjani.

Kinachonichekesha mimi ni watu kudhani alizaliwa shotistopu, yaani yule anayesimama kati ya bezi ya pili na ya tatu (bezi ni vile vituo anavyopita mkimbiaji), sehemu ambayo mpira unakuja kwa fujo na unatakiwa uudake na kuurusha kabla mpigaji hajafika bezi ya kwanza. Wagner alianza Louisville 1897 kama mchezaji wa nyuma kabisa uwanjani, akahamia Pittsburgh 1900, na mwaka huo akaongoza ligi kwa kupiga, wastani .381, yaani kama mara 38 katika 100 alipiga mpira akafika bezi salama, akiwa anacheza huko nyuma kulia! Ushotistopu wa kudumu ulikuja 1903 akiwa na miaka 29. Na usifikirie kijana mwembamba mwepesi, lilikuwa jitu la kilo 90 hivi, kifua kipana, matege ya ajabu na viganja kama sepetu, mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani aliyeanza mgodi wa makaa ya mawe akiwa na miaka 12. Wenzake walikuwa wanasimulia kwamba akizoa mpira anazoa na udongo na changarawe, anavirusha vyote kwa pamoja. Na jitu hilo limeiba bezi 723, yaani kuchomoka kwenda bezi inayofuata bila kusubiri mwenzake apige mpira.

Eti hakuwahi kufeli? Fainali ya 1903 dhidi ya Boston alipiga .222 tu, na mtu wa mwisho kutolewa alikuwa yeye.

Ile ya fainali ya 1909 nayo, kwamba Ty Cobb wa Detroit akiwa bezi ya kwanza alimtukana Wagner, na Cobb alipokimbilia ya pili Wagner akampasua mdomo na mpira, ni stori tamu lakini Cobb mwenyewe aliikanusha. Cha uhakika ni kwamba Pittsburgh walishinda mechi 4 kwa 3, Cobb akapiga .231 na kuiba bezi 2, na Wagner wa miaka 35, na matege yake, akapiga .333 na kuiba 6.