Kabla fundi hajafuta chipu ya gari yako, muulize faili la zamani liko wapi

Minada ya korosho ikianza tu kuanzia Oktoba hivi, pesa ikishaingia mkononi, simu za karakana yetu hapa chuoni Mtwara zinaongezeka na nyingi zinafanana, gari ilikuwa nzima kabisa, fundi akasema bosi ngoja nikuongezee nguvu kidogo, akachomeka laptopu yake, sasa gari haiwaki. Wengine wanapiga kutoka Tandahimba, wengine Nachingwea, na wapo wanaofungua kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, wakaitia kwenye mfuko na kupanda nayo basi. Swali letu la kwanza huwa ni moja: kabla ya kufuta, fundi alisoma faili la zamani, yaani nakala ya yale yaliyokuwa kwenye chipu, akalihifadhi? Wengi hawajui hata kama kuna kitu kama hicho, na hiyo ndo sababu nimekaa kuandika hii.

Tuanze na kilichomo kwenye hiyo chipu. Kontrol boksi inapokea taarifa za sensa, hewa inaingia kiasi gani, joto la maji, mguu umekanyaga wapi, halafu inaangalia majedwali ya namba yaliyoandikwa ndani ya chipu na hapo inaamua nozeli ifunguke kwa muda gani na plagi ipige cheche saa ngapi. Injini ya petroli ikiwa inatembea kawaida inalenga uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1, ukikanyaga mpaka chini majedwali yanaongeza mafuta hewa inashuka kwenye 12.5 au 13 hivi ili injini ipate nguvu na isichemke ndani. Anayetyuni, yaani huyo anayekuongezea nguvu kwa laptopu, anabadilisha namba hizo basi, haongezi chuma chochote. Sasa hizi chipu zina tabia moja, ikiwa tupu biti zote ni 1, ukiisoma unaona FF FF FF kila mahali, na kuandika ni kugeuza baadhi ya 1 kuwa 0. Ikishakuwa 0 huwezi kuirudisha 1 kwa kuandika tena, lazima ufute kwanza. Ukishafuta umefuta, gari haina kumbukumbu yoyote ya jinsi kiwanda kilivyoipanga.

Chipu za zamani, zile za kidirisha, bado zinakuja kwenye meza zetu, hasa kwenye BMW na Volkswagen za miaka ya 80 na 90 zenye mfumo wa Bosch Motronic. Utazikuta zimeandikwa 27C256 au 27C512, ya kwanza ina kilobaiti 32 ya pili 64, na mgongoni zina kijidirisha cha kioo cha kwatzi kilichofunikwa na stika. Aina hii ilibuniwa na Dov Frohman pale Intel mwaka 1971, chipu ya kwanza iliitwa 1702 na ilibeba biti 2048 tu, yaani baiti 256. Ndani yake kila seli iliyoandikwa 0 imefungiwa chaji ya umeme ambayo haina njia ya kutoka, mpaka upige mwanga wa yuvii (UV) kupitia kile kidirisha ndo elektroni zinapata nguvu ya kuruka nje.

Taa inayotakiwa ni ya zebaki ya nanomita 253.7, chipu inakaa karibu na taa kama sentimita 2.5, dakika 15 mpaka 20 inatosha. Taa hiyo usiitazame kabisa hata kidogo, inaunguza macho na ngozi na hutasikia maumivu palepale, yanakuja baadaye. Boksi lake liwe limefungwa na taa izime yenyewe mlango ukifunguliwa. Kuna vijana wanaanika chipu juani kama dagaa wa Mikindani wakiamini jua letu la Kusini linatosha. Jua la moja kwa moja linahitaji kama wiki nzima, na mwanga wa zile taa za tyubu za ofisini unaweza kuifuta kwa takriban miaka 3, ndo maana ile stika usiibandue ukaiacha wazi hata kama gari inatembea vizuri.

Kosa ninaloliona sana hapa ni la gundi. Fundi anabandua stika, gundi inabaki juu ya kidirisha, anaitia chipu kwenye taa hivyohivyo. Ukiitazama karibu utaona ukungu wa njano upande mmoja wa kioo, na chini ya huo ukungu seli hazijapata mwanga wa kutosha. Pangusa kwa spiriti na pamba mpaka uone kile kipande kidogo cha silikoni kinang'aa chini, alama ya kidole pia ifute, ndo uwashe taa. Ukitoa, mashine ya kuandikia ina kipengele cha kukagua kama chipu ni tupu, ikikuta baiti moja tu sio FF irudishe kwenye taa. Usiseme ni baiti moja tu haina shida. Seli iliyofutika nusu inaweza ikasomeka vizuri mezani halafu gari ikipata joto la mchana inaanza kumisi, na wewe utabadilisha plagi, koili, pampu ya mafuta, hela inaisha tatizo lipo palepale.

Kwenye kuandika angalia volti. Chipu za 27C zinaandikwa kwa volti 12.5 hadi 13 hivi, ila zile za zamani zaidi kama 2764 nyingi zilitaka 21, ukichagua aina isiyo sahihi kwenye programu ukaipiga 21 chipu ya 12.5 imekufa hiyo. Na ukikosa 27C256 ukaweka 27C512 mahali pake, faili la kilobaiti 32 liandike mara mbili lijaze chipu nzima, juu na chini, la sivyo boksi inaweza kwenda kusoma nusu ambayo haina kitu.

Magari mengi ya barabarani sasa hivi hayana kidirisha, yana flashi. Hii ni kazi ya Fujio Masuoka wa Toshiba, aliitangaza mwaka 1984, inafutwa kwa umeme tu tena kwa vipande vikubwa kwa mkupuo. Chipu imechomelewa kwenye bodi na fundi anaifikia kupitia ile soketi ya pini 16 chini ya usukani, ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari ya kuanzia 1996 na Ulaya ikafuata 2001 kwa ya petroli. Urahisi huu ndo umeleta msiba, maana kijana hahitaji tena kujua chipu ni nini, anabonyeza tu.

Sikiliza vizuri hapa. Programu ikianza, inafuta kwanza halafu inaandika, na katikati hapo kontrol boksi yako haina kitu kichwani. Umeme wa gari ukishuka dakika hiyo, waya ukachezeshwa, laptopu ikaisha chaji, boksi inabaki tupu nusu na gari haiwaki. Gari nyingi zikiingia kwenye hali ya kuandikwa feni ya rejeta inaanza kuzunguka kwa nguvu zote yenyewe, watu wanashtuka wanadhani kuna hitilafu, sio hitilafu ila inakula betri vibaya sana. Kwa hiyo fundi awe na chaja imara ya kushikilia volti zaidi ya 13 muda wote, sio chaja ile ya kubusti, redio izimwe, AC izimwe, taa zizimwe, milango isifunguliwe funguliwe. Na kama chaja inategemea umeme wa ukutani, jamani umeme unakatika, betri ya gari iwe imejaa kabisa kabla ya kuanza ili ukikatika betri ibebe mpaka kazi iishe.

Halafu kuna chipu nyingine ndogo ya miguu 8 kwenye bodi hiyohiyo, utaona 93C46, 24C02 au 95040. Kwenye gari nyingi hiyo inatunza mambo ya ufunguo, ukiifuta gari haiutambui ufunguo wako mwenyewe. Haihusiani na nguvu ya injini na anayetyuni hana biashara ya kuifuta, ila aisome na kuihifadhi.

Kuhusu faida nitasema ninavyoona. Injini ndogo isiyo na tabo (turbo, ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini), hizi IST na wenzake, kutyuni chipu kunaleta kidogo mno, hela hiyo nunua plagi, filta na sensa ya oksijeni. Dizeli yenye tabo inapata nguvu kweli, lakini ukiongeza mafuta bila hewa ya kutosha unapata moshi mweusi na joto kali kwenye tabo, na fikiria gari hiyo imebeba korosho inapanda mlima wa Newala kutokea Masasi imekanyagwa mpaka mwisho, joto halipumziki. Pistoni zinatoboka hivyo. Atakayekutyunia akuulize kwanza unabeba nini na unapita wapi, asipouliza mimi nisingempa gari. Pia kila faili lina namba ya hakiki ambayo boksi inajumlisha yenyewe kujua kama data ni sahihi, faili likibadilishwa namba hiyo isirekebishwe, boksi nyingi zinawasha taa ya injini au zinakataa kabisa kuwaka.

Mkubaliane hivi kabla ya kazi: faili la zamani lisomwe mara 2, mafaili yote mawili yalinganishwe na yawe sawa kabisa baiti kwa baiti, na ukubwa wake ulingane na chipu. Ukisoma ukaona FF tupu au sifuri tupu hujasoma kitu, simama hapo. Nakala moja iende kwenye flashi diski yako mwenye gari, nyingine jitumie kwa barua pepe, jina la faili liwe namba ya gari, namba iliyobandikwa kwenye boksi na tarehe. Usikubali kuambiwa litabaki kwa fundi, mafundi wanahama na laptopu zinaibiwa.

Kama tayari imeshatokea na gari imelala, usiruhusu mtu wa pili na wa tatu wajaribu kupitia soketi ileile, na usikimbilie kununua boksi iliyotumika maana haitaujua ufunguo wako. Boksi nyingi zinaweza kufunguliwa zikaandikwa moja kwa moja mezani kwa kuiwasha prosesa katika hali ya kuanzia (boot mode), na hapo tukiwa na faili lako la zamani kazi mara nyingi inaisha siku hiyohiyo. Tukiwa hatuna, inabidi tutafute faili la gari yenye namba ileile ya boksi na ya programu, herufi kwa herufi, na kwa gari zilizokuja kutoka Japani hilo linaweza kuchukua wiki.