Lawalawa hutibiwa zahanati, si kwa wembe

Mtoto wa kike analia kila akikojoa, anajikuna, nguo yake ya ndani ina majimaji yenye harufu. Katika vijiji vingi vya Dodoma na Singida hali hii huitwa lawalawa, na bado wapo wanaoshauri akeketwe ili apone.

Lawalawa ni maambukizi: mara nyingi bakteria kwenye njia ya mkojo, au fangasi. Mrija wa mkojo wa mtoto wa kike ni mfupi na uko karibu na njia ya haja kubwa, hivyo vijidudu hupenya kirahisi, hasa kiangazi, ndoo moja ya maji inapogawanywa nyumba nzima. Wembe hauviondoi. Huacha kidonda palepale mkojo unapopita. Mtoto huvuja damu, hubana mkojo kwa maumivu, na mkojo uliokaa huzidisha maambukizi. Akija kujifungua, kovu halitanuki, huchanika. Wanaoapa kwamba mtoto alipona baada ya kukeketwa wakumbuke kuwa kidonda husafishwa kila siku, na muwasho mwingi huisha kwa usafi huo tu.

Mpeleke zahanati apimwe mkojo. Mnawishe kwanza, aanze kukojoa chini, ndipo kikopo kikinge mkojo wa katikati. Matone ya kwanza hubeba uchafu wa ngozi na kupotosha majibu. Amalize dozi hata akiacha kulia siku ya pili. Akiwa na homa, akitapika, au akiwa mchanga, usingoje kesho. Nyumbani mnawishe kwa maji safi, mbele kwenda nyuma, bila sabuni ukeni. Akitoa usaha au damu, mhudumu achunguze pia kama ameingiliwa.

Itifaki ya Maputo ya 2003, mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ambayo Tanzania iliiridhia 2007, inazitaka nchi za Afrika zipige marufuku ukeketaji, zielimishe umma na kuwahudumia waliokwisha kukeketwa. Kwetu, kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa 1998, kina kifungo cha miaka 5 hadi 15, faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Lakini kinamlinda aliye chini ya miaka 18 tu, na pengo hilo ni lazima lizibwe.

Woga wa sheria peke yake umeuhamishia wembe kwa vichanga wasioweza kusema. Kwa hiyo mama akilitaja neno lawalawa kliniki, asikaripiwe: apewe kikopo cha mkojo hapohapo. Na ukisikia mtoto anaandaliwa kukeketwa, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.